Nguzo za Mawe za Turkana: Jibu Tulilolikosea Darasani

Utangulizi

Makala haya yalizaliwa darasani. Katika kipindi cha ufahamu hapa Kiyovu tulikuwa tukisoma pamoja na wanafunzi wetu kifungu kifupi kuhusu mawe ya Stonehenge kule Uingereza. Kifungu chenyewe kilikuwa chepesi na msamiati wake wa kawaida: nguzo, duara, kaburi, macheo. Tulipofika kwenye maswali, mwanafunzi mmoja aliinua mkono na kuuliza swali ambalo halikuwamo katika orodha: "Mwalimu, na huku kwetu Afrika ya Mashariki, watu wa kale hawakusimamisha chochote?"

Tulijibu papo hapo. Tulisema kwamba kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, kuna mahali panapoitwa Namoratunga, penye nguzo kumi na tisa za mawe zilizosimamishwa yapata mwaka 300 K.K. ili kutazama nyota na kuhesabu kalenda. Wanafunzi waliandika. Tuliridhika, maana jibu hilo tulilipokea kutoka katika maandishi yetu ya zamani na tumelitumia kwa miaka mingi.

Jioni ile tulipoketi kuandaa kifungu kipya juu ya jambo hilo, tuligundua kwamba karibu kila sehemu ya jibu letu ilikuwa imepitwa na utafiti. Tarehe haikuwa sahihi. Kazi ya nguzo tuliyoitaja kwa uhakika ilikuwa ni dai lililobishaniwa tangu mwaka 1982. Na jambo kubwa zaidi, yaani waliolala chini ya mawe ya namna hiyo, hatukulitaja kabisa. Makala haya basi ni masahihisho yetu kwa wanafunzi wale, na ni mwaliko kwa walimu wenzetu kuyapitia upya maandishi yao.

Mahali, jina na hadithi

Ziwa Turkana liko katika nchi kame ya kaskazini mwa Kenya, na ncha yake ya kaskazini inagusa Ethiopia. Magharibi mwa ziwa, kando ya njia iendayo Kalokol kutoka mji wa Lodwar, kuna kundi la nguzo za mawe ya basalti, yaani jiwe jeusi zito litokanalo na volkano. Basalti ikipoa polepole hupasuka yenyewe na kuwa mihimili yenye pembe, mfano wa boriti zilizochongwa. Watu wa kale hawakulazimika kuichonga. Walichagua mihimili, wakaibeba na kuisimamisha.

Jina Namoratunga ni la Kiturkana, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa "watu wa mawe". Mwalimu wa lugha hatakosa kuona viungo vyake: katika Kiturkana moru ni mwamba au mlima wa mawe, na ngitunga ni watu. Hadithi inayosimuliwa huko ni kwamba nguzo hizi zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Akatokea mgeni, ambaye wengine husema alikuwa roho, nao wakamcheka. Papo hapo wakageuka mawe. Hadi leo wapita njia huweka vijiwe juu ya vichwa vya nguzo.

Hadithi hiyo ina thamani yake, lakini haitupi habari za wajenzi. Waturkana wameingia katika eneo hilo katika karne chache zilizopita, nao walizikuta nguzo zimekwisha kusimama. Walichofanya ni kile ambacho wanadamu wote hufanya wakikuta kitu kikubwa kisicho na mwenyewe: walikipa jina na sababu. Sisi wa Rwanda tunalifahamu jambo hili. Tunao Urutare rwa Ndaba kule Karongi, mwamba wa mtu anayesimuliwa kuwa alianguka akitafuta asali. Tunao pia Urutare rwa Kamegeri katika Wilaya ya Ruhango, mwamba wa yule aliyeshauri jiwe lipashwe moto ili kuadhibu watu, na adhabu ile ikamwangukia yeye mwenyewe. Tofauti ni kwamba miamba yetu hiyo iliwekwa na maumbile, na nguzo za Turkana zilisimamishwa na mikono ya watu. Swali ni: watu gani, lini, na kwa nini?

Dai la nyota

Mwaka 1978 watafiti wawili, Mark Lynch na Lawrence Robbins, walichapisha katika jarida la Science makala mafupi yaliyopata umaarufu mkubwa. Walipima mielekeo ya nguzo kumi na tisa za Kalokol, wakasema kwamba zimepangwa kuelekea mahali ambapo nyota fulani zilichomoza miaka 300 K.K. Miongoni mwa nyota hizo kulikuwa na Kilimia, Sirius na zile za kundi la Orion. Hoja yao ilitegemea kalenda ya Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ambayo ilikuwa imeelezwa na Asmarom Legesse katika kitabu chake cha mwaka 1973. Kalenda hiyo ina miezi kumi na miwili ya mwandamo na siku 354, na siku zake zina majina 27. Wataalamu wa Kiborana huifuata kwa kutazama mwezi pamoja na nyota hizo hizo.

Tusilibeze dai hilo. Watu wa Afrika ya Mashariki wametazama nyota tangu zamani, na Kiswahili chenyewe ni shahidi. Jina Kilimia linatokana na kitenzi kulima: ni nyota zinazomwambia mkulima kwamba msimu umefika. Wazo kwamba wafugaji wa Turkana nao walikuwa na kalenda ya angani si la ajabu hata kidogo.

Tatizo lilikuwa katika vipimo na tarehe. Mwaka 1982 Robert Soper aliandika katika jarida la Azania akiitilia shaka kazi hiyo. Basalti ina sumaku, na dira ikikaribishwa kwenye jiwe lenye sumaku huweza kupotoka. Alirudia kupima na kuonyesha kwamba mielekeo haikuwa thabiti kama ilivyodhaniwa. Wengine walijitokeza baadaye kulitetea dai kwa hesabu za takwimu, na wengine wakaichunguza upya kalenda ya Waborana yenyewe. Mjadala ukaendelea.

Tarehe nayo ilikuwa ya kuazima. Ule mwaka 300 K.K. haukupatikana kwa kufukua chini ya nguzo za Kalokol. Ulichukuliwa kutoka katika makaburi ya mahali pengine, Lokori, kusini zaidi, ambako pia panaitwa Namoratunga. Kwa kuwa majina yalifanana na mawe yalifanana, ilidhaniwa kwamba wajenzi na wakati ni wamoja. Uchunguzi uliofanywa katika karne hii ya ishirini na moja, ukiongozwa na Elisabeth Hildebrand na Katherine Grillo pamoja na wenzao, umeonyesha kwamba nguzo za Kalokol ni za kundi jingine kabisa la majengo yaliyozunguka ziwa, ya kati ya miaka 5000 na 4000 iliyopita. Maana yake, tulikuwa tumewapunguzia wajenzi wake zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Na kama tarehe si ile, basi anga iliyotumika katika hesabu za mwaka 1978 nayo si ile, kwa sababu mahali pa kuchomoza kwa nyota husogea kidogo kidogo kadiri karne zinavyopita.

Kilichofukuliwa Lothagam

Mahali palipotoa habari nyingi zaidi ni Lothagam Kaskazini, pia upande wa magharibi wa ziwa. Matokeo ya kazi ya huko yalichapishwa mwaka 2018 na timu ya Hildebrand, na tunaomba msomaji ayasome kwa utulivu, kwa sababu ndiyo kiini cha makala haya.

Kwa juu, mahali hapo panaonekana kama jukwaa la mviringo lenye kipenyo cha mita 30 hivi, lililozungushiwa mawe makubwa. Juu yake zimesimama nguzo za basalti, na baadhi ya mawe yalitolewa umbali unaofikia kilomita moja. Pembeni kuna maduara ya mawe na vichuguu vya mawe vilivyoongezwa.

Chini yake kuna kaburi. Wajenzi walianza kwa kuondoa mchanga wa ufuko wa zamani wa ziwa, wakatengeneza shimo pana lenye eneo la mita za mraba 119.5. Ndani ya shimo hilo walizika wafu wao, mmoja karibu na mwingine na mmoja juu ya mwingine, kwa muda wa vizazi vingi. Shimo lilipojaa, walilifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo juu yake. Kwa upimaji wa kaboni, kazi yote hiyo ilifanyika kati ya miaka 5000 na 4300 iliyopita.

Ni watu wangapi? Wataalamu hawakufukua kaburi zima. Walifukua sehemu ndogo, wakatumia rada inayopenya ardhini kujua upana wa shimo, kisha wakakadiria. Makadirio yao ya chini ni watu 580.

Tulitaka wanafunzi walione jambo hili kwa macho. Tulichukua kamba na chaki tukatoka nje ili tuchore duara la mita 30. Wanaoifahamu Kiyovu wanajua kwamba huu ni mtaa wa mteremko; kamba yetu iligonga ukuta kabla nusu ya duara haijakamilika, na upande wa chini mwanafunzi aliyeishika alikuwa ameteremka karibu kuonekana kichwa tu. Basi tukachora lile shimo peke yake, mita 11 kwa 11, ambazo zinakaribia mita za mraba 119.5. Darasa zima lilisimama ndani na nafasi ikabaki. Kisha mwanafunzi mmoja akapiga hesabu: watu 580 katika eneo hilo ni karibu watu watano kwa kila mita moja ya mraba. Mchezo ukaisha. Tulisimama ndani ya mistari ile ya chaki bila kusema neno kwa muda.

Waliozikwa pale ni wanaume na wanawake, watoto wachanga na wazee. Wengi wao walizikwa na mapambo yao: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga na vidani vya mawe ya rangi, vitu vilivyochongwa kutoka katika meno ya kiboko. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno ya mbele ya panya wa jangwani, zaidi ya meno 400. Kila panya ana meno ya mbele manne tu. Fikiria, msomaji, ni panya zaidi ya mia moja waliokamatwa, na ni mikono yenye subira kiasi gani iliyoyapanga meno hayo moja baada ya jingine kwa ajili ya mtu mmoja anayependwa.

Kwa nini wakati ule?

Kwa maelfu ya miaka kabla ya wakati huo, Afrika ya kaskazini na ya mashariki ilipata mvua nyingi kuliko sasa. Hata Sahara ilikuwa na nyasi na maziwa. Ziwa Turkana lilikuwa kubwa na la kina zaidi, na watu wa kandokando yake waliishi kwa uvuvi na uwindaji, wakitumia chusa za mifupa. Yapata miaka 5000 iliyopita mvua zikapungua. Ziwa likarudi nyuma na kuacha wazi fuko ambazo zamani zilikuwa chini ya maji.

Katika wakati huo huo ng'ombe, mbuzi na kondoo walifika katika bonde la Turkana. Ndio ufugaji wa kwanza tunaoujua katika Afrika ya Mashariki. Mfugaji katika nchi inayokauka hawezi kukaa mahali pamoja. Familia hutawanyika kufuata malisho. Mwaka mmoja mvua hunyesha upande huu, mwaka mwingine upande ule. Mtu ambaye mifugo yake imekufa hana budi kumtegemea ndugu au rafiki wa mbali.

Watafiti wanaona kwamba hapo ndipo ilipo sababu ya jengo. Watu waliotawanyika walihitaji mahali pa kukutania, mahali pasipohama ingawa wao wenyewe walihama. Kaburi la pamoja lilikuwa mahali hapo. Kila waliporudi kuzika waliungana tena, wakajuana, pengine wakaoana na kuazimana mifugo. Hayo ya mwisho ni dhana, tunayasema kwa tahadhari. Lakini ushirikiano wenyewe si dhana, kwa kuwa mtu mmoja au familia moja haiwezi kuhamisha mchanga na mawe kiasi kile.

Jengo bila mfalme

Umuhimu mkubwa wa Lothagam katika akiolojia ni huu. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba majengo makubwa ya kale ni alama ya jamii yenye kilimo, miji, ghala za nafaka na, zaidi ya yote, mtawala mwenye uwezo wa kuamrisha. Mfano uliotajwa daima ni piramidi za Giza nchini Misri, ambazo kubwa yake ilijengwa yapata mwaka 2560 K.K. kwa ajili ya Farao Khufu. Maelfu walifanya kazi ili mmoja alale.

Katika karne zile zile, ng'ambo ya kusini, wafugaji wasiokuwa na mji walifanya kazi ili wote walale. Watafiti hawakuona dalili yoyote ya matabaka katika makaburi ya Lothagam. Hakuna chumba cha mkuu. Hakuna kona ya wenye shanga na kona ya wasio nazo. Mtoto mchanga amelala pamoja na mzee.

Ikumbukwe pia kwamba wakati huo ndio uleule ambao Stonehenge ilikuwa ikijengwa kwa awamu zake, tangu yapata mwaka 3000 K.K. Kwa hiyo tulipomwambia mwanafunzi wetu "mwaka 300 K.K." tulimfanya aamini kwamba Afrika ya Mashariki ilikuja nyuma sana. Kumbe zilikuwa kazi za zama moja, za watu wasiojuana, kila mmoja kwa sababu zake.

Hapa tuongeze onyo. Bara letu lina majengo mengine ya mawe makubwa: maduara ya mawe ya Senegali na Gambia, nguzo za Tiya nchini Ethiopia, mawe ya Bouar katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Na Waswahili wa pwani wana makaburi yao yenye nguzo, kama yale ya Malindi na Kaole. Mwanafunzi mwenye shauku atataka kuyaunganisha yote kwa mstari mmoja. Asifanye hivyo. Makaburi ya nguzo ya pwani ni ya Waislamu, na yapo mbali na Lothagam kwa zaidi ya miaka elfu tatu. Kusimamisha jiwe juu ya kaburi ni jambo ambalo wanadamu wamelibuni mara nyingi.

Tukitazama kutoka Kiyovu

Rwanda haina majengo ya namna hii. Wafalme wetu waliishi katika nyumba za miti, matete na nyasi, kama ile iliyojengwa upya pale Nyanza, na makazi yao yalihamishwa mara kwa mara. Kilichobaki mahali pao mara nyingi ni miti. Miti hiyo mikubwa ya zamani tunaiita ibigabiro, na mzee anayejua historia akiiona kwa mbali husema mara moja kwamba pale palikuwa na boma la kifalme. Wengine wamesimamisha mawe, sisi tulipanda miti. Chini ya ardhi tunavyo pia vyungu vya aina ya Urewe na mabaki ya matanuri ya kufulia chuma, ambavyo wataalamu wa akiolojia wamevifukua. Kwa hiyo jibu kamili kwa mwanafunzi wetu lingeanzia hapa hapa nyumbani.

Mtaa wetu nao una somo lake. Wakazi wa zamani wa Kigali wanakumbuka kwamba Kiyovu zilikuwa mbili: Kiyovu ya matajiri, yenye majumba na miti ya kivuli, na Kiyovu ya maskini, yenye vijumba vilivyobanana mteremkoni. Hiyo ya pili ilibomolewa mwaka 2008 na wakazi wake wengi wakahamishiwa Batsinda. Mtaalamu wa miaka elfu tano ijayo akifukua hapa, atakuta misingi ya majumba, na pengine atasema kwamba Kiyovu walikaa matajiri tu. Vijumba vya udongo na mabati havitamwambia lolote. Ndiyo maana tunasema kwamba akiolojia na masimulizi yahitajiane: mawe husahau, na wazee nao husahau, lakini hawasahau mambo yale yale.

Na kuna jambo jingine ambalo mwalimu wa Rwanda hawezi kulikwepa anapofundisha juu ya kaburi la watu 580. Katika mji huu huu, kwenye kilima cha Gisozi, wamepumzishwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Ukumbusho huo ulifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia pamoja na ile ya Nyamata, Murambi na Bisesero. Hatulinganishi mambo hayo mawili. Wa Lothagam walizikwa na watu wao, taratibu, kizazi kwa kizazi. Wa Gisozi walinyimwa maisha yao na kunyimwa hata maziko, mpaka walionusurika walipowatafuta na kuwastiri. Lakini wanafunzi wetu, waliposimama kimya ndani ya mistari ya chaki, hawakuhitaji kuelezwa kwa nini watu ambao dunia yao imebadilika ghafla hujenga kwanza mahali pa kuwaweka wafu wao pamoja, na kwa nini hujali kumrudishia kila mmoja kitu kilichokuwa chake. Tuliona ni vema mwalimu awaachie nafasi ya kunyamaza, na kipindi kiendelee siku nyingine.

Somo kwa darasa la Kiswahili

Tumejifunza nini sisi kama walimu wa lugha?

Kwanza, msamiati. Kwa majengo haya tunapendekeza kusema waziwazi "majengo ya mawe makubwa ya kale". Neno megalithi litumike pale tu linapokuwa limeelezwa. Kazi ya mtaalamu wa akiolojia tuiite kufukua, tusiiite kuchimba tu. Hapa mwalimu atapata mfano mzuri wa kauli ya kutendua: kufukia na kufukua, kuzika na kuzikua. Mwanafunzi ataona jinsi kiambishi kimoja kinavyogeuza tendo lote.

Pili, uhusiano wa lugha zetu. Waulize wanafunzi Wanyarwanda jiwe ni nini kwa lugha yao. Watasema ibuye, na kwa wingi amabuye. Kisha waandikie ubaoni jina Zimbabwe, ambalo katika Kishona hufasiriwa kuwa nyumba za mawe: dzimba dza mabwe. Amabuye, mabwe, mawe. Sauti ya b imedumu katika Kinyarwanda na Kishona na imetoweka katika Kiswahili, lakini neno ni moja. Baada ya hapo wakumbushe kwamba Kiturkana si lugha ya Kibantu, na kwamba moru halina udugu na maneno hayo. Hata ulinganisho una mipaka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, lugha ya ushahidi. Kosa letu darasani halikuwa kutojua. Kila mwalimu kuna asichokijua. Kosa lilikuwa katika kitenzi. Tulisema "zilisimamishwa ili kutazama nyota" mahali ambapo tulipaswa kusema "ilidaiwa mwaka 1978 kwamba zilisimamishwa ili kutazama nyota". Kiswahili kina ngazi nzuri za uhakika, na mara nyingi hatuzifundishi. Tumewatungia wanafunzi zoezi lifuatalo, na tunaligawa kwa yeyote atakayelihitaji:

Imepimwa: shimo la Lothagam Kaskazini lina eneo la mita za mraba 119.5.
Inakadiriwa: waliozikwa humo hawapungui 580.
Yamkini: walikutana pale ili kuimarisha udugu wao katika miaka ya ukame.
Ilidaiwa, na ikapingwa: nguzo za Kalokol zilielekezwa kwenye nyota.
Husimuliwa: nguzo hizo ni wachezaji waliomcheka mgeni.

Mwanafunzi apewe sentensi hizo zikiwa zimechanganywa, bila maneno ya mwanzo, na aamue kila moja inastahili neno gani na kwa nini. Zoezi hili lilichukua kipindi kizima na ubishi ulikuwa mwingi. Wengine walitaka "yamkini" iwe "inakadiriwa". Mmoja aliuliza kama "husimuliwa" ni ngazi ya chini kuliko zote. Tulimjibu kwamba si ya chini: ni ya aina nyingine, kwa sababu inatuambia habari za wasimulizi na si za wajenzi.

Hitimisho

Tulirudi kwa mwanafunzi aliyeuliza swali la kwanza, mbele ya darasa lote, tukamwambia kwamba jibu tulilompa halikuwa sahihi na kwamba alifute katika daftari lake. Tulimpa jipya: ndiyo, watu wa Afrika ya Mashariki walisimamisha mawe, yapata miaka elfu tano iliyopita, kando ya ziwa lililokuwa likikauka. Waliyasimamisha juu ya wafu wao, wadogo kwa wakubwa, bila kumtanguliza yeyote.

Aliandika, kisha akauliza tena: "Na hili, mwalimu, tuandike kwa wino au kwa penseli?"

Tulicheka sote, naye pia. Tulimwambia aandike kwa wino tarehe na vipimo, na kwa penseli sababu zake. Ndivyo tunavyowaomba nanyi, walimu na wanafunzi wenzetu, myaweke makala haya katika majalada yenu. Utafiti kandokando ya Ziwa Turkana haujakwisha, na sehemu kubwa ya shimo la Lothagam bado haijaguswa.